Jinsi ya kumtoa popo darini na tumbili jikoni bila kumwaga damu

JUA linapozama katika mitaa ya Mombasa, Voi, Kisumu na viungani mwa Nairobi, sauti ndogo ndogo huanza kusikika juu ya dari za nyumba nyingi. Ni mkwaruzo wa kucha juu ya mbao na milio myembamba kama ya vifaranga, kisha kimya. Dakika chache baadaye viumbe weusi huchomoka mmoja mmoja chini ya mabati na kutokomea gizani. Mwenye nyumba aliyechoshwa na uvundo wa kinyesi na madoa yanayotiririka ukutani huwa na jawabu moja tu akilini: kuwaua wote.

Jawabu hilo ndilo huzidisha tatizo. Wapo wanaochoma pilipili au vipande vya mpira darini ili moshi uwafukuze popo. Wengine hunyunyiza dawa za kuulia wadudu wa shambani juu ya vyumba wanamolala watoto wao wenyewe. Wengine humwita fundi saa nne asubuhi aje azibe kila tundu kwa saruji.

Moshi huo huhitaji cheche moja tu ili paa lote liteketee. Dawa nayo hupenya kwenye nyufa za dari na kuwafikia watu walio chini. Saruji ya mchana, ambayo kwa wengi huonekana kuwa njia safi kuliko zote, huwafungia ndani wanyama ambao hufa polepole kwa njaa na kiu. Mizoga huoza, funza hudondoka mezani, nao walio hai husaka upenyo wowote hadi wakafika sebuleni. Familia iliyokuwa na popo darini hujikuta sasa ina popo kitandani.

Kanuni inayofuatwa na wataalamu wa wanyamapori ni rahisi kuieleza, ingawa huhitaji subira kuitekeleza: mnyama huachwa atoke mwenyewe, kisha mlango wake hufungwa nyuma yake. Kosa haliko kwa mnyama aliyeingia. Liko kwenye mwanya uliomruhusu, na madhali mwanya huo upo, kumuua mmoja ni kumpisha mwingine.

Kumtambua mgeni

Kabla ya kununua hata msumari mmoja, mwenye nyumba anapaswa kujua ni nani aliye juu. Panya husikika wakikimbia na kutafuna usiku kucha, ilhali popo huwa na kelele zaidi wakati wa jioni wanapojiandaa kutoka na alfajiri wanaporejea. Popo hawatafuni mbao wala nyaya za umeme, na wala hawajengi viota.

Kinyesi nacho hutoa ushahidi. Kile cha panya, kikishakauka, huwa kigumu. Kile cha popo anayekula wadudu hufanana nacho kwa umbo, lakini kikibonyezwa kwa kijiti husagika na kuwa unga wenye vipande vinavyometameta, navyo ni mabaki ya mbawa na magamba ya wadudu.

Hatua nzito juu ya mabati zikiandamana na kilio kinachofanana na cha mtoto mchanga, hasa maeneo ya pwani, aghalabu ni za komba. Kilio hicho kimewafanya watu wengi wazima wajifunike shuka hadi kichwani, ingawa mwenye kukitoa ni mnyama mdogo anayetafuta matunda na wadudu. Kanu, ambaye huonekana katika mitaa yenye miti mingi kama vile Karen na Lang'ata, ana desturi ya kujisaidia mahali pamoja. Rundo moja kubwa la kinyesi kwenye kona ya dari huwa ni dalili yake.

Kwa nini popo hupenda mabati

Kenya ina aina zaidi ya 100 za popo. Wengi hawana haja yoyote na nyumba za binadamu. Wale wakubwa wanaokula matunda hulala mitini au mapangoni, nao wakionekana mjini huwa wamefuata miembe, mipera na mikuyu.

Wanaohamia darini ni wale wadogo wanaokula wadudu, hasa wa jamii ambayo mkia wake huchomoza nje ya utando unaounganisha miguu. Mmoja wao anajulikana kisayansi kama Mops condylurus. Ndugu yake mdogo ana uzito wa gramu 10 hivi, sawa na vijiko viwili vidogo vya sukari. Popo hawa huvumilia joto kali chini ya mabati, joto ambalo lingemfukuza mnyama mwingine yeyote. Kwao, paa la kanisa, la shule au la nyumba ya kupangisha ni pango lililo bora kuliko yale ya milimani.

Huingia kupitia nafasi ambayo wengi hawaidhanii kuwa mlango. Mawimbi ya bati yanapokalia boriti juu ya ukuta huacha matundu mengi madogo, na fundi mwenye haraka huyaacha wazi. Ubao wa ukingo wa paa ukipinda kwa mvua na jua huachana na ukuta. Kofia ya paa ikilegea huacha mwanya. Tundu lenye upana wa kidole gumba linamtosha popo mdogo.

Popo hawa wana faida yao. Mmoja anaweza kula kwa usiku mmoja wadudu wenye uzito unaokaribia nusu ya uzito wake. Husemwa mara nyingi kwamba wao humaliza mbu wote mtaani, na hayo ni kutia chumvi. Chakula chao kikubwa ni nondo, mbawakavu na kunguni wa mimea, wakiwemo wanaoharibu mazao. Hiyo ni sababu tosha ya kutaka waendelee kuishi, mradi tu si juu ya kitanda cha mtu.

Kazi ya jioni

Kazi ya kuwatoa huanza kwa kutazama. Watu wawili au watatu husimama kwenye pembe za nyumba kuanzia saa kumi na mbili na nusu jioni na kutia alama kila mahali popo wanapotokea. Mchana, sehemu hizo hutambulika kwa madoa ya mafuta ya miili yao na kinyesi kilichoganda ukutani chini ya mwanya. Zoezi hilo lirudiwe angalau mara mbili, kwa sababu usiku wenye mvua au baridi si wote watakaotoka.

Swali linalofuata ndilo muhimu kuliko yote: je, kuna watoto? Popo hawa huzaa mtoto mmoja kwa kila uzao, na katika nchi za ikweta huweza kuzaa zaidi ya mara moja kwa mwaka, uzazi mwingi ukiandamana na mvua. Mtoto hukaa mwezi mmoja au zaidi kabla ya kuweza kuruka. Mama akizuiwa kurudi katika kipindi hicho, watoto hufia darini. Miezi ya kiangazi, kama vile Februari na Septemba, kwa kawaida huwa salama zaidi kuliko Aprili au Mei. Hata hivyo, kalenda pekee haitoshi. Milio ikisikika darini saa mbili usiku baada ya wakubwa kutoka, kazi iahirishwe kwa majuma kadhaa.

Ikithibitika kwamba hakuna watoto, fundi huziba mianya yote isipokuwa ile mikuu inayotumiwa na popo. Ziba hiyo ifanywe kwa saruji, mbao au wavu wa waya wenye matundu madogo. Wavu wa kufugia kuku haufai hata kidogo, maana popo hupita humo bila taabu. Sponji na magunia nayo huoza au kung'olewa na panya.

Juu ya mianya mikuu hutundikwa kipande cha wavu mgumu wa plastiki wenye matundu yasiyozidi milimita 4. Hupigiliwa juu na kandoni, huku chini kukiachwa wazi, na uning'inie kama nusu mita chini ya mwanya, ukiwa umeachana kidogo na ukuta. Popo anapotoka hutambaa chini kati ya wavu na ukuta hadi afike mwisho, kisha huruka. Akirudi alfajiri hutua palepale alipozoea, penye harufu ya mlango wake, na kukuta wavu. Hana akili ya kushuka chini na kuanza upya.

Mahali ambapo wavu haukai vizuri, bomba la plastiki lenye kipenyo cha sentimita 5 na urefu wa sentimita 25 hivi hufanya kazi hiyohiyo likielekezwa chini. Kuta zake ni laini, na popo hawezi kulipanda.

Vifaa hivyo huachwa kwa muda wa siku tano hadi saba. Wakati huo watazamaji husimama tena jioni. Iwapo hakuna hata popo mmoja anayetoka kwa siku mbili mfululizo, vifaa huondolewa na mianya ya mwisho huzibwa kabisa. Fundi anayelipwa kwa siku hatapenda kusikia kwamba kazi ya saa moja inahitaji juma zima, na hapo ndipo wenye nyumba wengi hushindwa. Ni afadhali kuelewana naye mapema kwamba atakuja mara mbili.

Vipo vitu vinavyouzwa madukani vikidaiwa kufukuza popo. Vidonge vya kuzuia nondo hutoa mvuke unaoweza kuwadhuru watu, watoto hasa, huku popo wakihamia tu upande mwingine wa dari. Vyombo vya kutoa sauti isiyosikika na binadamu havijaonyesha mafanikio ya kutegemewa.

Kisanduku cha mbao chenye nafasi nyembamba ndani, kikitundikwa ukutani au kwenye nguzo mita nne au zaidi kutoka ardhini kabla ya kazi kuanza, huwapa popo pa kwenda. Si wote watakaokikubali. Wasipokipata, wataenda kwa jirani, na ndiyo sababu wakazi wa ploti moja au washiriki wa kanisa moja hunufaika zaidi wakifanya kazi hii kwa pamoja.

Afya

Hofu ya magonjwa haikosi msingi, ila mara nyingi huelekezwa pasipofaa. Virusi vya Marburg viliwaua watu wawili waliokuwa wamezuru pango la Kitum, Mlima Elgon, mmoja mwaka 1980 na mwingine mwaka 1987. Popo wanaohusishwa na virusi hivyo ni wa aina inayokula matunda na kuishi mapangoni, wala si hawa wa darini.

Mwaka 2018, watafiti waliokuwa Sierra Leone walitangaza kupatikana kwa kirusi kipya cha jamii ya Ebola, kilichopewa jina Bombali, katika popo wanaoishi kwenye mapaa ya nyumba. Baadaye kirusi hicho kilipatikana pia nchini Kenya, eneo la Taita, katika Mops condylurus. Hakujajulikana mtu yeyote aliyeugua kwa sababu yake. Kwa upande mwingine, mwaka 2009 kirusi kilicho na undugu na kile cha kichaa cha mbwa kilipatikana kwa popo katika pango la Shimoni, Kaunti ya Kwale.

Maana ya hayo kwa mwenye nyumba ni moja: popo asishikwe kwa mkono mtupu. Kuwapiga kwa fimbo, kuwakamata na kuwarundika guniani ndiko humleta mtu karibu na mate na damu yao. Kuwaacha watoke wenyewe hakumgusishi mtu na chochote. Aliyeumwa au kukwaruzwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo kuuliza kuhusu chanjo ya kichaa cha mbwa.

Kinyesi kikavu huweza kubeba ukungu unaosababisha ugonjwa wa mapafu. Kwa hivyo hakifagiliwi kikiwa kikavu. Hunyunyiziwa kwanza maji yenye dawa ya kuua viini hadi kilowe, kisha huzolewa kwa koleo na mtu aliyevaa barakoa inayoshika vizuri, glavu na nguo za mikono mirefu. Watoto na wenye pumu wakae mbali siku hiyo.

Popo mmoja aliyepotea njia na kuingia chumbani hahitaji mbio wala ufagio. Milango ya ndani hufungwa, madirisha hufunguliwa wazi, taa huzimwa na watu hutoka. Akitua ukutani na kukataa kuondoka, hufunikwa kwa kopo, karatasi ngumu ikapenyezwa chini yake, na kupelekwa nje. Asiwekwe chini. Popo wa jamii hii hupata taabu kuruka akiwa ardhini, hivyo huwekwa juu ya ukuta au shina la mti. Hata hivyo, iwapo alikutwa katika chumba cha mtoto mchanga au cha mtu aliyekuwa usingizini, asiachiliwe huru kabla daktari hajaulizwa.

Tumbili na kima

Jikoni mambo ni tofauti, kwani mgeni wa huko huja mchana kweupe na kwa sababu moja: chakula. Tumbili na kima huingia kwa dirisha, wakachukua mkate na ndizi na kuondoka, huku mama mwenye nyumba akipiga sufuria.

Mara nyingi walifundishwa na binadamu. Katika bustani ya City Park jijini Nairobi, kima wamezoea kulishwa karanga na ndizi na wageni, hadi wanapanda mabegani mwa watu. Mnyama aliyejifunza kwamba mtu ni chakula hatofautishi kati ya mkono unaompa na mfuko wa mtoto anayetoka dukani. Akinyimwa, huuma.

Dawa ni kuufanya ujio wake uwe wa hasara. Madirisha ya jikoni na ya stoo hutiwa wavu wa waya. Mapipa ya taka hufungwa kwa vifuniko vyenye kamba au kufuli. Matawi yanayoegemea paa hukatwa yabaki umbali wa mita mbili au tatu. Matunda yaliyoiva huchumwa mapema, na chakula cha mbwa hakiachwi nje. Yote haya hayana maana iwapo jirani mmoja anawarushia ndizi kila jioni kwa kujifurahisha.

Wakazi wengi hudai tumbili wanaswe na kupelekwa mbugani. Lakini kundi likiondolewa huku taka zikibaki wazi, kundi jingine hulichukua eneo hilo. Aliyehamishwa naye hutupwa katika himaya ya tumbili wengine ambao hawamtaki. Huko Diani, Kaunti ya Kwale, shirika la Colobus Conservation, lililoanzishwa mwaka 1997, limetundika ngazi za kamba juu ya barabara ili mbega na nyani wengine wadogo wavuke bila kugongwa na magari, na huwashauri wenye nyumba na hoteli namna ya kuishi na wanyama hao.

Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 haimruhusu mwananchi kunasa, kuua au kufuga mnyamapori bila kibali. Anayesumbuliwa hupaswa kuripoti kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, ambalo lina ofisi katika kaunti mbalimbali. Kunguru wa Kihindi, ambaye si mwenyeji wa nchi hii, ni suala jingine: mwaka 2024 KWS yenyewe ilitangaza mpango wa kuangamiza kunguru milioni moja. Hata hapo, sumu hiyo haikukusudiwa kushikwa na raia.

Komba, kanu na nyoka

Komba na kanu hutolewa kwa mtindo uleule wa popo, ila mlango wao ni mkubwa na hupatikana haraka. Karatasi laini ikibandikwa juu ya tundu jioni, asubuhi huonekana kama imechanwa na imechanwa kuelekea upande upi. Kanu wa kike huweza kuwa amejificha na watoto, na akiachwa bila kusumbuliwa kwa majuma kadhaa huondoka nao mwenyewe.

Sumu ya panya huleta madhara ya pili. Panya aliyekula sumu hutembea kwa kuyumbayumba kwa muda kabla ya kufa, na katika hali hiyo huliwa na kanu, paka au bundi. Bundi, ambaye wengi humrushia mawe wakiamini analeta kifo nyumbani, hula panya usiku baada ya usiku bila malipo.

Nyoka naye hufuata panya. Nyumba isiyo na rundo la matofali, mawe na kuni karibu na ukuta, yenye nyasi fupi na isiyo na nafasi chini ya mlango, haimvutii. Anapoonekana ndani, watu na mifugo huondolewa, mlango wa chumba hicho hufungwa na kitambaa huwekwa chini yake, na mtu mmoja hubaki akiangalia kwa mbali ili mwokoaji asije akatafuta nyumba nzima. KWS hupokea taarifa kama hizo. Katika eneo la Watamu na Malindi, kituo cha nyoka cha Bio-Ken, kilichoanzishwa na James Ashe mwaka 1980, kimekuwa kikiwaondoa nyoka majumbani.

Watu wengi huumwa wakati wanapojaribu kumuua nyoka au kumshika. Aliyeumwa avuliwe pete, saa na viatu, kiungo kilichoumwa kisitikiswe, na apelekwe hospitali mara moja. Jeraha lisichanjwe kwa wembe, lisinyonywe, wala lisifungwe kamba ya kukaza. Hakuna haja ya kumbeba nyoka hadi kwa daktari. Picha iliyopigwa kwa simu kutoka mbali, kama iliwezekana, inatosha.